Je, Wajua? Mitaa Iliyojifunza Kuishi kwa Mafuta Kidogo

Je, wajua kuwa pipa moja la mafuta ghafi lina lita 159? Pipa hilo ndilo linalotajwa redioni kila bei inapopanda katika soko la dunia, na wiki chache baadaye ndilo linaloamua nauli ya Mbagala na bei ya fungu la nyanya gengeni. Mdhibiti wa nishati wa Tanzania, EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na mwenzake wa Kenya, EPRA, hutangaza zake tarehe 14. Safari hii tunawatazama watu ambao, kwa hiari au kwa kubanwa, walijipanga mtaani kwao ili tangazo la namna hiyo lisiwaumize sana.

Je, wajua kuwa Tanzania na Kenya hazisafishi tena mafuta ghafi? Mitambo ya TIPER, Kigamboni, iliyojengwa miaka ya 1960, iliacha kazi hiyo mwishoni mwa karne iliyopita. Ile ya Mombasa ilisimama mwaka 2013. Petroli yote inayoingia kwenye tangi la bodaboda wa Tandika au wa Kawangware imekuja na meli ikiwa tayari imesafishwa.

Je, wajua kuwa takriban moja ya tano ya mafuta yanayotumika duniani hupita katika mlango wa bahari wa Hormuz, kati ya Oman na Iran? Machafuko yakitokea huko, au kwingineko kwenye visima, sisi hulipa. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, pipa lilivuka dola 120 mwezi Machi, na Agosti ya mwaka huohuo lita ya petroli Dar es Salaam ikapita shilingi 3,400. Mama lishe wa Tandika hakuwa na ugomvi na mtu katika vita vile, lakini alivilipia kila alipokwenda sokoni.

Je, wajua kuwa lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban uniti 10 za umeme, zilezile tunazonunua kwa LUKU? Mtu mzima mwenye afya akilima au akibeba mizigo kutwa nzima, kazi ya mikono yake haifiki uniti moja. Kwa hiyo mafuta ni kitu cha thamani kubwa mno, na inauma kuona lita hiyo ikiteketea ndani ya gari lililosimama kwenye foleni na mtu mmoja ndani. Hata gari likitembea, injini hupoteza zaidi ya nusu ya nishati hiyo kama joto.

Je, wajua kuwa Jumapili ya tarehe 4 Novemba 1973 barabara kuu za Uholanzi zilikuwa tupu? Nchi za Kiarabu zilikuwa zimesitisha kuiuzia mafuta kwa kuwa iliiunga mkono Israeli katika vita vya Oktoba mwaka ule, na serikali ikazuia magari siku za Jumapili. Watu walitoka na baiskeli, wengine na farasi, watoto wakacheza katikati ya barabara kuu. Zuio lilikwisha mapema mwaka 1974. Lakini wakati huohuo wazazi walikuwa wakiandamana kwa sababu nyingine kabisa: mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 3,000 nchini humo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Madai ya wazazi na uhaba wa mafuta vilisukuma upande mmoja, njia za baiskeli zikaanza kujengwa. Leo nchi hiyo ya watu milioni 18 hivi ina baiskeli zaidi ya milioni 23.

Je, wajua mji wa Groningen, kaskazini mwa nchi hiyohiyo? Mwaka 1977 halmashauri yake iligawa katikati ya mji sehemu nne, na gari likakatazwa kuvuka moja kwa moja kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Ni lazima litoke hadi barabara ya mzunguko, lizunguke, kisha liingie tena. Anayetembea kwa miguu na mwenye baiskeli hunyoosha tu. Wenye maduka walipiga kelele kwamba wateja watapotea. Hawakupotea. Huko hakuna aliyenyang'anywa gari lake. Njia fupi tu ndiyo waliyopewa wengine.

Je, wajua kuwa Tanzania nayo iliwahi kuzuia magari Jumapili? Bei ya pipa ilipopanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu dola 12 kati ya mwishoni mwa 1973 na mwanzoni mwa 1974, nchi changa iliyouza katani, pamba na kahawa ilijikuta ikihitaji mazao mengi zaidi kwa mafuta yaleyale. Magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili alasiri. Mwaka 1974, ukame nao ukiwa umebana, ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona: hata watu wa mjini walitakiwa kulima. Wazee wa Dar es Salaam watakusimulia jinsi viwanja vya wazi na mabonde yalivyogeuka mashamba ya mahindi na mihogo. Kwa maoni yangu nia ilikuwa njema, lakini hatua zile zilichukuliwa kama dawa ya ugonjwa wa kupita. Mgogoro ulipolegea, hatukubaki na njia za baiskeli wala mabonde yaliyotengwa rasmi kwa ajili ya mboga. Kilimo cha mabondeni kimeendelea, ila kwa jasho la wakulima wenyewe, na hadi leo wengi wao hawana uhakika wa ardhi wanayoilima.

Je, wajua nchi iliyopata somo hili kwa uchungu kuliko zote? Ni Kuba. Hadi mwisho wa miaka ya 1980 ilipata mafuta kutoka Umoja wa Kisovieti kwa bei nafuu. Umoja ule ulipovunjika, mafuta yaliyoingia yalipungua kwa zaidi ya nusu ndani ya muda mfupi. Trekta zilisimama mashambani, mabasi yakasimama vituoni. Watu walikonda. Mwaka 1992 na 1993 makumi ya maelfu walipata ugonjwa wa macho uliohusishwa na lishe duni. Nayasema haya kwanza kwa sababu wako wanaoisimulia Kuba kama hadithi tamu, na haikuwa tamu.

Hata hivyo, yale ambayo watu wa mitaani walifanya yanastahili kusimuliwa. Serikali iliagiza baiskeli zaidi ya milioni moja kutoka China. Chini ya ghuba ya Havana kuna handaki la barabara. Likatengewa basi maalumu lililoondolewa viti, watu wakawa wanaingia humo na baiskeli zao na kuvuka. Mashambani wakulima walirudi kwa maksai, na vijana wakafundishwa na wazee kuwafunga nira na kuwaongoza. Katikati ya mji, kwenye viwanja vilivyojaa kifusi, majirani walipanga matuta yaliyozungushiwa matofali, wakayajaza mboji, wakapanda saladi, vitunguu na figili. Dawa za viwandani hazikuwepo, wakatumia mwarobaini, mti uleule unaoota uani kwetu kuanzia Tanga hadi Mtwara. Mboga zilivunwa asubuhi na kuuzwa pale pale kwenye lango la bustani. Lori halikuhitajika.

Kisha, kuanzia mwaka 2000, Venezuela ikaanza kuipatia Kuba mafuta kwa masharti nafuu, na baiskeli nyingi zikatoweka barabarani. Bustani za mjini zilibaki, kwa kuwa tayari zilikuwa na ardhi yake, wafanyakazi wake na wateja wake. Baiskeli hazikuwa zimejengewa chochote. Mafuta ya Venezuela yalipoanza kupungua, foleni za sheli zilirudi.

Je, wajua kuwa mchicha huwa tayari kuvunwa wiki tatu hadi nne tu baada ya kupandwa? Ndiyo maana ni mboga ya mjini. Nyanya inaweza kusafiri siku nzima juu ya lori la dizeli kutoka nyanda za juu hadi soko la Ilala. Mchicha wa Bonde la Msimbazi huja kwa baiskeli, ungali na umande.

Je, wajua bustani za magunia za Kibera? Zilienea mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi kukata barabara na kupandisha bei ya chakula. Gunia hujazwa udongo na samadi, katikati husimamishwa nguzo ya kokoto ili maji yashuke hadi chini, kisha ubavuni hutobolewa matundu na kila tundu hupewa mche wa sukuma wiki. Gunia moja husimama mlangoni bila kuziba njia. Mama huchuma majani ya chini, ya juu yakiendelea kukua.

Je, wajua kuwa gari maarufu kuliko yote mjini Goma, mashariki mwa Kongo, halina injini? Ni chukudu. Hii naomba tuitazame kwa karibu. Mwili wake ni mbao nzito mbili au tatu zilizochongwa kwa panga na tezo. Magurudumu ni mawili, nayo ya mbao, yamevishwa ukanda uliokatwa kwenye tairi kuukuu ili yashike barabara. Usukani ni pembe mbili ndefu za mti. Juu ya ubao hupigiliwa kipande cha mpira au kandambili iliyokatwa: hapo dereva huweka goti moja, na mguu wa pili husukuma ardhi. Kwenye mteremko hupanda juu, akaacha mzigo umbebe. Breki ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma.

Chukudu iliyotengenezwa vizuri hubeba kilo 300 na zaidi. Alfajiri utaziona zikishuka kutoka Kibumba zikiwa zimejaa kabichi, viazi na makaa, kila moja ikielekezwa na kijana aliyeloa jasho, kwa mwili wake wote. Ni kazi ngumu na ya hatari; sitaipamba. Lakini familia nyingi za Kivu Kaskazini zimesomesha watoto kwa chombo hiki, na mwaka 2009 mwendesha chukudu alijengewa mjini humo sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Fundi wake hahitaji kuagiza spea hata moja kutoka nje. Ninachotamani ni kuona barabara za kule zikiwa na ukingo wa lami uliotengwa kwa ajili ya waendesha chukudu, wasigongwe na malori.

Je, wajua kuwa Machi 2022 Burundi ilizuia baiskeli, bajaji na pikipiki kuingia katikati ya Bujumbura? Muda si mrefu uhaba wa mafuta ukawa mkali, na wakazi wakatembea kwa miguu masafa marefu kwenda na kurudi kazini. Hapo naona baiskeli iliondolewa wakati ilipohitajika kuliko wakati wowote.

Je, wajua kuwa Kigali hufunga baadhi ya barabara zake kwa magari Jumapili asubuhi? Ilianza mwaka 2016, mara moja kwa mwezi, kisha ikawa mara mbili. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, imekuwa ikifanya hivyo tangu 1974: kila Jumapili kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana, zaidi ya kilomita 100 za barabara hubaki kwa wenye miguu na baiskeli.

Je, wajua kisiwa cha Samsø? Kiko Denmaki, kina wakazi 4,000 hivi, na hadi miaka ya 1990 walipasha nyumba zao joto kwa mafuta na kuvuta umeme wa makaa ya mawe kutoka bara. Mwaka 1997 kilishinda shindano la serikali la kutafuta kisiwa kitakachojitosheleza kwa nishati yake chenyewe. Zawadi haikuwa fedha za kujengea. Mwalimu mmoja mzaliwa wa hapo, Søren Hermansen, ndiye aliyezunguka kwenye mikutano ya vijiji kuwashawishi jirani zake. Hakuwahubiria habari za dunia; alizungumza nao kuhusu ajira, bili na nani atamiliki nini. Hilo la kumiliki ndilo lililoamua mambo. Wakulima walinunua mitambo ya upepo, na wasio na uwezo wakanunua hisa chache chache. Mitambo 11 ilikamilika nchi kavu mwaka 2000, na mingine 10 ikasimamishwa baharini kufikia 2003. Mabua ya ngano yaliyobaki baada ya mavuno yakawa kuni za kuchemshia maji yanayopelekwa nyumba hadi nyumba kwa mabomba. Magari na vivuko viliendelea kutumia mafuta kwa miaka mingi, na wao wenyewe hawafichi. Lakini umeme wa upepo ulizidi mahitaji yao, na mapato ya ziada yalibaki kisiwani.

Je, wajua kuwa wazo la mji mzima kupanga namna ya kupunguza mafuta liliandikwa na wanafunzi? Ilikuwa Kinsale, mji mdogo wa Ayalandi, mwaka 2005. Mwalimu wao, Rob Hopkins, aliwapa kazi ya kuchora miaka mingi ijayo ya mji wao: utakula nini, utasafiri vipi, utajenga kwa vifaa gani, mafuta yakipungua mwaka hadi mwaka. Halmashauri ya mji ikaupokea mpango. Hopkins alihamia Totnes, kusini magharibi mwa Uingereza, na Septemba 2006 wakazi wakaanza kazi. Waliokuwa na bustani bila nguvu ya kulima waliunganishwa na wenye nguvu wasio na ardhi, wakagawana mavuno. Walipanda miti ya lozi na jozi mjini. Walichapisha hata fedha yao, pauni ya Totnes, iliyokubalika kwenye maduka ya mji ule tu. Ilisimamishwa mwaka 2019 watu walipozoea kulipa kwa kadi. Fedha ilikwisha, lakini mpango wa Totnes umeigwa katika nchi zaidi ya 40.

Je, wajua kuwa Unguja hupata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari hadi Fumba? Desemba 2009 umeme huo ulikatika, na kisiwa kikakaa gizani miezi mitatu hivi. Waliojiweza walinunua jenereta, wakawa watumwa wa dumu la petroli kila jioni. Wasiojiweza walirudi kwenye kibatari. Leo Kinyasini kuna chuo kinachowafundisha akina mama wa vijijini, baadhi yao wasio na elimu kubwa ya darasani, kuunganisha na kukarabati mitambo ya sola, kisha hurudi kijijini kuwa mafundi. Ninaupenda mpango huu kuliko mingi niliyoisoma, kwa kuwa ufundi unabaki kwa mtu asiyefikiria kuhamia mjini.

Je, wajua kilichoua kibatari Tanzania Bara? Kwa kiasi kikubwa ni kodi. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Maskini waliumia sana mwanzoni. Kisha taa ndogo za sola na tochi za betri zikajaa minadani, na moshi ule mweusi uliokuwa ukiingia machoni mwa mtoto anayesoma ukaanza kuondoka.

Je, wajua kuwa gesi ya mitungi nayo huagizwa kwa meli? Ni msaada mkubwa kwa misitu yetu na kwa mapafu ya mpishi, na sitamwambia mtu arudi kwenye mkaa. Ila kwa wenye umeme, jiko la presha la umeme hupika maharage makavu kwa chini ya uniti moja. Kundi la kinamama wa kikoba linaweza kununuliana moja moja kwa mzunguko, kama wanavyonunuliana vyombo.

Je, wajua kuwa takriban tisa ya kumi ya umeme wa Kenya hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua? Ndiyo sababu pikipiki ya umeme ina maana kubwa Nairobi. Bodaboda ya petroli hunywa lita 2 hadi 3 kwa kilomita 100. Ya umeme hutumia uniti 3 au 4 hivi, na betri hubadilishwa kituoni kwa dakika chache. Rwanda imekwenda mbali zaidi: tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya kubeba abiria Kigali ni lazima iwe ya umeme.

Je, wajua kuwa Lamu hadi leo punda ndiye mbebaji mkuu wa mchanga, matofali na maji? Vichochoro vya mji ule haviruhusu gari kuingia, na hospitali ya punda imekuwepo tangu 1987.

Je, wajua kuwa zaidi ya safari nne kati ya kumi za Nairobi hufanywa kwa miguu? Hao tayari wanaishi bila petroli, na ndio tunaowatendea vibaya zaidi: hawana njia ya waenda kwa miguu, hawana kivuli, hawana kivuko. Dar es Salaam nayo ilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri ya mwaka 2018 kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, na pembeni mwa njia ile kulijengwa njia ya baiskeli. Pita pale saa 12 jioni uone bodaboda na meza za biashara zilivyoijaza.

Msomaji, kazi ya kuanzia iko mlangoni kwako. Kikao cha mtaa kijacho, nenda na ombi moja lililoandikwa na kutiwa saini na majirani zako kumi: njia ya miguu iliyo wazi hadi shuleni, au kiwanja kimoja kilicholala kigawiwe matuta ya mboga, au kibanda cha fundi baiskeli sokoni. Mwenyekiti akisema hakuna fedha, mwombe aandike ombi hilo kwenye muhtasari, na mrudi nalo kikao kinachofuata.